Asilimia 70 ya mpira, mabao sifuri

Wadau, nimepotea kidogo humu. Nisameheni. Sikusafiri, nilikuwa naifundisha Barcelona kwenye kompyuta, ndani ya Football Manager.

Nilitaka soka la pasi. Nikapanga 4-3-3, nikaagiza pasi fupi, kasi ndogo, kipa asibutue, mashuti ya mbali marufuku. Mechi ya kwanza tukamiliki mpira asilimia 70. Tukafungwa 1-0, kwa shambulizi moja tu la kushtukiza!

Nikasema bahati mbaya. Mechi ya tatu ndipo nikakaa kuiangalia dakika zote 90. Jamani, mpira ulikuwa unazunguka kwa mabeki tu. Viungo wote watatu wamesimama mbele yao, mawinga wanaomba mpira mguuni, hakuna anayekimbia nyuma ya ukuta. Yaani Hispania dhidi ya Urusi, Kombe la Dunia 2018: zaidi ya pasi 1,000, halafu wakatolewa kwa penalti.

Nikamwagiza kiungo mmoja aingie kwenye boksi, beki wa kulia apande, kasi nikaongeza kidogo. Umiliki ukashuka hadi 61. Mabao yakaja.

Lakini kilichoniuma ni kingine. Wiki moja kabla niliandika gazetini kwamba kocha mmoja wa hapa hajui kazi, eti timu yake inapasiana bila kufunga. Sikumuuliza hata swali moja. Mimi nina kitufe cha kusimamisha mechi, yeye hana.

Kesho nakwenda mazoezini kwao na daftari langu. Nitaanza kwa kuomba radhi.