NJIA YA PWANI KUTOKA MASKATI HADI SUR

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na akaweka ndani yake milima na njia, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Lakini kuokota kwahitaji jicho linaloangalia chini. Wako watu huzunguka dunia nzima kwa motokaa na ndege, wakarudi na picha na vitambaa, wala nyoyo zao hazikuguswa na lolote. Na Mwenyezi Mungu katika Qur'ani ametuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tukaangalie ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Hakutuhimiza kutembea tu, bali kutembea na kuangalia. Kwa nia hiyo nataka kukusimulia habari za barabara moja niliyoipita, iliyo na mengi ya kutuhusu sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki.

MLIMA NA BAHARI

Barabara hiyo yatoka Maskati, mji mkuu wa Oman, ikapitia Qurayat na kufuata pwani hadi Sur, mwendo wa karibu kilomita 200. Aliyekuwa akiendesha ni mtoto wa dada yangu, kijana aliyezaliwa huko huko Maskati, ambaye Kiswahili alikinyonya kwa mama yake kama walivyokinyonya maelfu wengine wa Oman ambao wazee wao waliishi Unguja, Pemba, Mombasa na bara.

Mkono wa kulia ni milima ya Hajar, mikavu, ya rangi ya majivu na kahawia, haina mti wala jani. Mkono wa kushoto ni bahari. Mara nyingine milima huisogelea bahari hata mtu akajiuliza watu wa zamani walipita wapi. Jawabu ni kwamba wengi wao walipita baharini. Kabla ya barabara kubwa ya lami, aliyepita nchi kavu alifuata njia ya changarawe ufukweni, na mvua ikinyesha mlimani maji hushuka mabondeni kwa ghafula na kukata kila kitu. Mwezi wa Juni 2007 kimbunga kilichoitwa Gonu kilipiga pwani hii na kuharibu nyumba na njia, na watu wakafa. Basi mwenye kupita leo kwa starehe asidhani kuwa nchi hii ni laini.

Na katika ukavu huo Mola ameweka rehema. Ukiingia Wadi Shab au Wadi Tiwi utakuta maji ya kijani kati ya majabali, mitende, na mifereji ya falaj iliyochongwa na mababu kugawa maji kwa zamu, kila mtu na saa yake. Karibu na Bimmah liko shimo kubwa lenye maji ndani yake, ambalo wenyeji waliliita Shimo la Nyota, kwani ilisemwa kuwa nyota iliangukia pale. Wataalamu wa miamba wanasema ni chokaa iliyoliwa na maji chini kwa chini mpaka dari ikaporomoka.

MJI ULIOKUWA QALHAT

Kabla ya kufika Sur, kwa umbali wa kilomita ishirini na kitu, ziko gofu za Qalhat. Leo utaona mawe yaliyotapakaa kwenye mteremko, na jengo moja la mraba ambalo kuba lake limeporomoka. Watu huliita kaburi la Bibi Maryam. Mji huu ulikuwa bandari kubwa na mji wa pili wa ufalme wa Hormuz. Farasi, tende na viungo vilipita hapa kwenda na kutoka Bara Hindi na Afrika. Mwaka 2018 UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Tanja, aliufikia mji huu baada ya kuwa ametutembelea sisi: mwaka 1331 alipita Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa. Katika safari yake ya kuja Qalhat aliteremka Sur akidhani mji uko karibu, akaenda kwa miguu pamoja na mwenzake wa Kihindi, na yule aliyewaongoza njia akawa anataka kuwaibia nguo. Alifika miguu imevimba, akatibiwa kwa ukarimu, akakaa siku sita. Alisifu samaki wa mji ule, na alisifu msikiti wake uliopambwa kwa vigae, uliojengwa na Bibi Maryam, mwanamke mwema. Wachimbuzi wameifukua misingi ya msikiti mkuu ukingoni mwa bahari. Mwanamke alijenga, na miaka mia saba baadaye jina lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu, ilhali majina ya matajiri wote waliouza farasi hayajulikani.

Mwaka 1508 Albuquerque, jemadari wa Wareno, aliuteketeza mji huu. Miaka mitatu kabla yake, 1505, Wareno hao hao walikuwa wameipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Nilipomweleza hayo mpwa wangu, alisimama kimya akitazama bahari, kisha akasema, "Kwa hiyo, mjomba, msiba wetu na wao ulikuwa mmoja." Nikamwambia ndiyo, na biashara yetu ilikuwa moja, na kibla chetu kimoja.

MZEE WA SUR

Sur ndio mji wa mafundi wa vyombo. Pale imewekwa Fatah al-Khair, ghanja iliyoundwa Sur mwaka 1951, ikauzwa ng'ambo, kisha watu wa mji wakainunua tena kutoka Yemen mwaka 1993 ili wajukuu wao waione. Karibu na hapo tulimkuta mzee mmoja, umri wake umepita miaka 80, ameketi kivulini na birika ya kahawa. Alipotusikia tukizungumza alituita kwa Kiswahili cha zamani, akatukaribisha tende. Ujanani alikuwa baharia. Wakija na kaskazi, akasema, wameshehena tende, chumvi na papa mkavu. Wakingoja kusi Lamu, Mombasa na Unguja. Wakirudi na boriti za mikoko ya Rufiji. Alitaja vichochoro vya Lamu kama mtu atajaye vyumba vya nyumba yake.

Ndipo mpwa wangu akamwuliza kwa adabu, "Babu, na zamani kabla yenu, vyombo vilirudi na nini?"

Mzee alinyamaza. Nilidhani ataligeuza neno. Kisha akasema, "Sitakudanganya, mwanangu. Mimi nimebeba boriti. Walionitangulia walibeba na watu. Tulikuwa tukisikia wazee wakisema, na walikuwa wakiteremsha sauti."

USHAHIDI WA HAKI

Ndugu msomaji, neno hili laweza kuwauma baadhi yetu, na wako watakaosema halina haja kutajwa katika gazeti la dini. Mimi naona mahali pake hasa ni hapa. Tarehe haifichiki. Sultani Barghash aliweka mkono mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Na hata baada ya hapo baadhi ya vyombo vya Sur vilipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisivipekue, mpaka shauri hilo likafika mbele ya mahakama ya upatanishi ya The Hague mwaka 1905.

Ni kweli kwamba wako waliotumia habari hizi kuutukana Uislamu na kuwagombanisha ndugu, huku wakiyasahau majahazi yao wenyewe yaliyovuka bahari ya Atlantiki. Lakini dhulma ya mwingine haiwi udhuru wa dhulma yetu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwuza mtu huru akala thamani yake. Na Qur'ani, katika Sura ya An-Nisaa, imetuamrisha kuwa mashahidi wa haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu na jamaa zetu. Dini iliyofanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya madhambi haiwezi kubebeshwa mzigo wa wafanya biashara waliowateka watu kwa tamaa. Wenye kuitetea dini kwa kuficha makosa hayo hawaitetei. Wanaiunganisha na makosa ambayo yenyewe imejitenga nayo.

Tukiwalaumu Wareno kwa Qalhat na Kilwa, na ni haki walaumiwe, basi na tuwe na kinywa hicho hicho kwa waliotokana na sisi. Yule mzee hakupoteza heshima yake kwa kusema kweli. Mpwa wangu aliinama akambusu mkono, na alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. Kwani bibi mzaa baba yake atokana na watu waliovushwa, na mzaa mama yake atokana na waliovusha. Damu zote mbili zimo ndani ya mwili mmoja, na mwili huo husimama katika safu moja ya sala.

Usiku tulifika Ras al-Jinz, yalipo mazalio ya kasa, mahali palipohifadhiwa rasmi tangu 1996. Tukaongozwa gizani bila taa, tukamwona kasa mmoja akichimba mchanga, akitaga, akifukia, akarejea majini kwa taabu. Inasemekana kasa huvuka bahari kubwa, kisha hurejea kutaga katika pwani alikozaliwa. Ikiwa mnyama hasahau asili yake, binadamu aliyepewa akili na ulimi ana udhuru gani?

Basi enyi vijana mnaopenda kusafiri, safirini. Itazameni milima na bahari mkamtukuze aliyeziumba. Lakini mkifika penye gofu, teremkeni garini. Na mkimkuta mzee, mwulizeni kwa adabu, mkasikilize hata lile msilopenda kulisikia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliojenga na waliodhulumiwa, waliozikwa nchi kavu na waliozama baharini, na atujaalie kuwa mashahidi wa haki. Amin.