Kifunga Kinywa

Huruma ni sifa ipendwayo na kila mtu, na kwa sababu hupendwa sana, ni nadra kuulizwa iendako. Mtu amwonapo mnyama mwenye njaa moyo humuuma. Amwonapo ameshiba moyo humtulia. Kwa hivi ni vyepesi kuamini kuwa kushibisha ni wema na kunyima ni ubaya. Walakini wahenga walisema: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Waliziweka mbili hizo katika mizani moja, wala hawakusema kuwa shibe haina hatari. Neno hilo alijifunza mama mmoja wa Devon, kusini-magharibi ya Uingereza, na ada aliyoilipa kwa somo lake ilikuwa uhai wa farasi.

Nyumba ya mama huyo iko ukingoni mwa Dartmoor, nchi ya vilima vya mawe, upepo na mvua. Katika vilima hivyo huishi farasi wafupi waitwao poni, ambao kimo chao begani hakizidi sentimita 127. Miili yao ililelewa na dhiki. Kwa karne nyingi walikula majani yaliyopatikana wakati wa joto, wakajiwekea mafuta chini ya ngozi, kisha wakakonda wakati wa baridi mpaka majani yalipochipua tena. Aliyesalia ni yule aliyeweza kupata nguvu nyingi katika chakula kidogo. Chini ya vilima hivyo kuna makonde ya namna nyingine. Huko hupandwa nyasi teule, zenye sukari nyingi, zilizotiwa mbolea ili ng'ombe watoe maziwa tele. Toka kilimani mpaka kondeni ni mwendo mfupi kwa miguu, lakini kwa mwili wa poni ni safari ya kutoka dunia moja kwenda nyingine.

Mama alipompata poni wake wa kwanza alimweka katika konde la namna hiyo. Hakukusudia ila mema. Kila jioni alisimama langoni akamtazama akila, na sauti ya majani yakikatwa na meno ilimburudisha kuliko muziki. Shingo ya mnyama iliponenepa na kuwa ngumu, na mbavu zake zilipofichwa na mafuta, majirani walimsifu kwa utunzaji, naye akazipokea sifa hizo. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei alimwita, poni asije. Alimkuta amesimama, miguu ya mbele ameinyosha, uzito wake wote ameulaza nyuma, kama mtu aliyelazimishwa kukanyaga makaa. Kwato zilikuwa na moto, na mshipa wa damu juu ya kwato ulipiga kwa nguvu chini ya kidole.

Daktari wa wanyama aliutaja ugonjwa kwa jina la laminitisi. Ni ugonjwa wa mahali ambapo jicho halifiki. Ndani ya kila kwato mna mfupa wa mwisho wa mguu, na mfupa huo haukukaa juu ya kwato kama jiwe juu ya meza. Umening'inizwa ndani yake. Tando nyembamba, kadiri ya 550 hadi 600, zimepangwa kama kurasa za kitabu na kufumana na tando nyingine zitokazo katika mfupa. Uzito wote wa mnyama hutegemea kurasa hizo. Zinapolegea na kuchanika, mfupa huzunguka au huzama, na pengine ncha yake hutoboa wayo. Watu wengi walidhani zamani kuwa chanzo cha haya ni tumbo tu. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walionyesha kuwa insulini nyingi ikidumishwa katika damu ya poni wazima, laminitisi hutokea katika muda wa siku chache. Insulini ni ile ile ambayo mwili huitoa ili kuitawala sukari. Poni aliyeumbika kwa uhaba, apewapo sukari ya kondeni kila saa, huitoa kwa wingi unaopita kiasi, na kile kilicho dawa ya sukari huwa sumu ya miguu.

Poni wa kwanza aliuguzwa kwa wiki sita. Alifungiwa bandani juu ya matandiko manene, akapewa dawa za maumivu, akapigwa picha za eksirei, na kila picha ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Mwishowe mama alikishika kichwa chake wakati wa sindano ya mwisho. Mnyama huyo hakufa kwa kupigwa, wala kwa kazi, wala kwa njaa. Alikufa kwa kupendwa bila kiasi.

Poni wa pili alipokuja, daktari alimletea kifunga kinywa. Ni kikapu cha mpira au cha tepe za nailoni kivikwacho mdomoni na kushikwa na ukanda wa kichwani; chini yake kina tundu moja dogo, lenye upana wa sentimita mbili au tatu. Mnyama akiinama, ncha za majani hupenya tunduni, naye huzikata chache chache. Hula, lakini hawezi kubugia. Poni malishoni aweza kula kwa siku moja majani ambayo yakikaushwa hufika asilimia 5 ya uzito wake, hali asilimia 2 ingemtosha. Vipimo vilivyofanywa na watafiti vilionyesha kuwa kifunga kinywa hupunguza majani yaliwayo kwa kadiri ya asilimia 80. Mama alidhani kuwa ingetosha kumfungulia konde kwa saa tatu tu bila kikapu. Daktari alimjibu kuwa poni ni mwanafunzi hodari wa mambo ya aina hiyo: akijua kuwa muda ni mfupi hula mbio, na katika saa hizo tatu aweza kumaliza karibu asilimia 40 ya chakula cha siku nzima.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Poni alisugua mdomo wake katika nguzo, akapiga ardhi kwa mguu, kisha akaja kusimama mbele ya mama na kumtazama. Mtu aliyewahi kutazamwa hivyo na mnyama hahitaji kuelezwa maana yake. Njia ya wapitao kwa miguu ilikatiza kandokando ya konde, na wapita njia nao walikuwa na macho. Mmoja alimwuliza mama kwa ukali kosa la farasi huyo ni nini. Mwingine aliacha karatasi langoni iliyosema kuwa mtu asiyeweza kumlisha mnyama asimfuge. Siku moja kikapu kilikutwa kimevuliwa na kutundikwa ugoni. Aliyekivua bila shaka alikwenda zake na moyo mweupe, akiamini kuwa ametenda jambo jema; hakurudi asubuhi kuitazama miguu.

Lawama hizo zilimwingia mama kwa sababu hazikuwa upuuzi. Sheria ya Musa ilikataza kumziba kinywa ng'ombe aliye kazini juu ya nafaka, na amri hiyo ina haki ndani yake hata leo. Lakini ng'ombe yule alikuwa mfanyakazi, na punje alizookota zilikuwa ujira wake. Aliyemziba kinywa alimwibia kwa faida ya ghala. Kikapu cha poni hakijazi ghala la mtu yeyote. Bwana wa ng'ombe alifunga kinywa ili apate. Mama wa Devon alifunga kinywa ili asipoteze tena. Tofauti ya matendo mawili yaliyofanana kwa sura ilikuwa katika faida: nani aliipata?

Hata hivyo nia njema haitoshi, na jambo hili mama alilijua kwa msiba. Kizuizi nacho kinahitaji kizuizi. Kikapu kikibana huchubua. Kikilegea hunasa mguu au huvuliwa. Baina ya midomo na kikapu ni lazima pawe na nafasi, na ukanda wake uwe wa kukatika ukinaswa, asije mnyama akajinyonga. Lazima mtu asimame aone kwa macho yake kuwa mnyama anaweza kunywa maji na kuyafikia majani, kwa maana majani mafupi mno hayafiki tunduni, na marefu mno hulala chini yasiingie. Wataalamu hushauri kisivaliwe kwa zaidi ya saa 10 au 12 kwa siku; saa zilizobaki mnyama akae mahali pasipo majani mabichi, apewe nyasi kavu zilizolowekwa majini ili sukari yake ipungue. Wala saa zote si sawa. Sukari ya majani hupanda kwa mwanga wa jua na kuwa nyingi alasiri, hupungua usiku, na kwa kawaida huwa chache alfajiri. Lakini asubuhi ya baridi kali yenye jua ni mtego: jani hutengeneza sukari kwa mwanga, na kwa kuwa baridi imelizuia kukua, sukari hubaki ndani yake. Mama alijifunza kuipima hali ya hewa kama nahodha, na kumpima poni wake tumbo kwa utepe kila wiki.

Kisha kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyemwuliza, naye alijiuliza mwenyewe. Poni hakupanda majani yale. Hakuleta mbolea, hakuchagua mbegu, hakuzungusha ua baina yake na kilima. Binadamu ndiye aliyelizidisha konde, na kifunga kinywa kikaenda kwa mnyama. Katika hili mpita njia aliyekasirika alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Kosa lake lilikuwa kudhani kuwa dhuluma ilianzia katika kikapu, hali ilianzia katika nyasi. Mama hakuweza kumrudishia poni wake vilima. Aliloliweza lilikuwa kuubeba mzigo wa kuonekana mkatili, jambo gumu kwa mtu aliyewahi kusifiwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mama alikuwa amekwisha kulia mara moja.

Ikawa desturi yake jioni kumwingiza poni uani, kuulegeza ukanda na kukivua kikapu. Alama hafifu ya tepe ilibaki juu ya pua, na mama aliisugua kwa kiganja mpaka manyoya yakainuka. Kisha aliinama akashika kwato moja baada ya nyingine, akatia kidole chake penye mshipa, akangoja. Kwato zilikuwa baridi. Poni aligeuza kichwa akaziendea nyasi zake zilizolowekwa, akitembea kwa miguu yake yote minne.