Tuliipata Bahati

Mnunuzi aliahidi kuja Jumamosi. Akikuta cherehani ni orijino, elfu kumi na nane papo hapo. Akikuta imechezewa, elfu sita, na hapo atakuwa anatusaidia tu. Sisi tulihitaji elfu kumi na saba. Dadangu alikuwa amebakisha muhula mmoja chuoni na bila hiyo pesa hangefanya mtihani.

Ijumaa usiku nikaketi sakafuni, nyumbani kwetu Jericho, tochi ya simu mkononi, mbele ya Singer ya Dani. Dani mwenyewe alikuwa kwenye kochi, leso mabegani, ananiangalia kama mtu anayeangalia mtoto akifungua redio.

Nilikuwa nimeenda kwanza kwa mzee mmoja wa Shauri Moyo anayetengeneza cherehani. Nilimuuliza nitajuaje. Akaniambia watu wengi huanza na kung'aa, na hapo ndipo wanapigwa. Cherehani ya miaka sabini inayong'aa kama sufuria ya harusi imepigwa rangi juzi.

"Angalia pale mkono ulipokuwa ukipita," alisema.

Singer za zamani zilipakwa rangi nyeusi, zikabandikwa michoro ya dhahabu, halafu juu yake vanishi. Mtu akishona miaka mingi, kitambaa na viganja hula ile dhahabu upande wa mbele, pale nguo inapopita. Nyuma inabaki. Ukikuta imefutika sawasawa kila mahali, kuna mtu alisugua kwa spiriti. Ukikuta imekamilika kila mahali, pitisha ukucha: mchoro mpya una ukingo, wa zamani umelala chini ya vanishi. Vanishi yenyewe ikizeeka huwa manjano na hupata nyufa ndogo kama udongo uliokauka.

Yetu ilikuwa na upara mbele na dhahabu nyuma. Vanishi manjano, nyufa zipo. Nikaanza kuhesabu pesa.

Nikaja kwa skrubu. Skrubu ambayo haijafunguliwa na bisibisi mbaya ina mfereji safi, na ndani ya mfereji hakuna rangi. Zetu mbili zilikuwa zimeliwa, pale chini ya sindano. Kikasha cha bobini kilikuwa cha Butterfly, zile za China zilizotengenezwa kwa kufuata umbo la Singer hiyo hiyo, kwa hivyo spea zake zinaingia bila ugomvi.

"Hicho nilinunua Gikomba," Dani akasema kabla sijauliza. "Kile cha kwanza kilivunjika nikishona yunifomu za mamako na wenzake. Ungetaka niache kushona?"

Nilibaki na namba. Iko kwenye kibamba kidogo upande wa kulia, imepigwa chapa. Yetu inaanza na EH. Herufi hizo ni za kiwanda cha Clydebank, Scotland, kile kilichofungwa 1980, na zinaangukia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hapo nilifurahi. Kwa hadithi ya wajomba, Babu, mfanyakazi wa reli akiishi Makongeni, aliinunua mpya dukani Bazaar Street mwaka wa 1955, akilipa kidogo kidogo. Miaka ilikaribiana. Dani ndiye hakuwahi kusema mambo ya duka. Yeye kila mara alisema, "Ile tuliipata bahati."

Ya mwisho ilikuwa meza. Mzee aliniambia nitoe droo, nigeuze, kwa sababu mwenye kubadilisha mbao hujisahau chini. Droo ya kushoto ilikuwa safi. Ya kulia ilikuwa na maandishi yaliyochongwa kwa kisu, polepole, na mtu aliyetaka yasitoke:

N.W. BAHATI

Hakuna N.W. kwetu. Na Bahati iko pale ng'ambo ya barabara. Napita kila siku nikienda kazini.

Nilimwonyesha Dani. Hakuinama kuangalia.

"Hiyo niliiona kabla mamako hajazaliwa," akasema.

Kila mtu aliyekulia Eastlands amesikia kidogo kuhusu Operation Anvil. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi waliuzingira mji, wakapita mtaa baada ya mtaa wakiwatoa Wagikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini, wengi wakipitia Lang'ata kwenda Manyani na Mackinnon Road. Wake na watoto walirudishwa mashambani. Shuleni tulifundishwa kambi. Hatukufundishwa vitanda, sufuria na cherehani zilienda wapi.

"Babu yako alikuja nayo kwa mkokoteni," Dani akasema. "Wenyewe walikuwa wamepandishwa malori. Kulikuwa na mtu anauza. Tulinunua, nyakwara. Hatukuiba."

"Kwa bei gani?"

"Bei ya kitu ambacho mwenyewe hayupo."

Akanyamaza. Halafu akasema kwamba miaka ile ya kwanza, kila mwanamke asiyemjua akisimama mlangoni, alidhani ni yeye amekuja kuchukua mashine yake. Alikuwa amepanga atamwambia nini. Hakuja.

Jumamosi jamaa akafika. Alijua kazi: akapitisha ukucha, akapiga picha namba. Alikaribia kunifurahisha, kwa sababu nilikuwa nimeogopa nitapata wale wa zebaki nyekundu. Uvumi huo ulivuma Saudi Arabia 2009, kwamba Singer za zamani zina hiyo kitu ndani, bei zikapaa. Huyu hakuwa na ujinga huo. Akasema kikasha atatafuta cha zamani, mwili ni orijino, tumeelewana. Kisha akageuza droo.

"Hapa piga msasa. Mteja wangu hataki jina la mtu."

Nilikuwa na msasa. Nilikuwa na dada wa kulipia. Nakiri ningepiga.

"Droo inabaki," Dani akasema.

"Mama, bila droo si orijino tena. Natoa elfu mbili."

"Toa."

Alitoa. Tukapokea elfu kumi na sita kwa M-Pesa, na ile elfu moja nikafuliza. Dadangu alifanya mtihani. Jamaa bila shaka alipata droo nyingine ya umri huo mahali, na kuna sebule fulani Nairobi wageni wanaambiwa kila kipande ni orijino.

Droo iko juu ya kabati yetu, imegeuzwa, herufi zikitazama mlango.