Hesabu Miti Iliyo Hai

Tarehe 5 Juni mwaka jana tulipanda miti 200 kwenye mteremko ulio nyuma ya hosteli, pale kwenye korongo linalozidi kupanuka kila masika. Fulana za kijani zilikuwepo, mgeni rasmi alikuwepo, picha zilipigwa za kutosha. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa klabu ya mazingira, na ripoti niliiandika usiku uleule: "Zoezi limefanikiwa kwa asilimia 100."

Mwezi uliofuata tukasambaa kwenda BTP. Nilipangiwa nyumbani, Litembo, wilayani Mbinga. Nikapewa Jiografia Kidato cha Tatu, mada ya uhifadhi wa udongo. Nikachora ubaoni matuta ya ngazi kama yalivyo kitabuni, nikauliza nani amewahi kuona mteremko uliolimwa kwa akili namna hiyo. Kimya. Na dirishani, ng'ambo ya bonde, mlima mzima umejaa ngolo! Nikawaonyesha kwa kidole. Mwanafunzi mmoja akajibu, "Hizo za bibi, madam. Siyo za Jiografia."

Kusema kweli lilinichoma. Miaka miwili chuoni hata mimi sikuwahi kuzitaja, si darasani wala klabuni.

Kwa asiyezijua: mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatizana, kama miraba ya daftari la hesabu. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukia zile nyasi. Katikati linabaki shimo, pembeni tuta. Maharage hupandwa juu ya tuta, mahindi hufuata msimu unaokuja. Maji hayakimbii, hutulia shimoni pamoja na tope lake, na nyasi huoza zikawa mbolea. Wamatengo wamelima hivyo kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya miaka 100. Miaka ya 1990 watafiti wa SUA na wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja Mbinga kujifunza. Watu wamevuka bahari kusoma shamba kama la bibi yangu, mimi nimelipita nikienda kusoma matuta ya kitabuni.

Oktoba tuliporudi nilikwenda kuhesabu miti yetu. Iliyo hai: 17. Kosa lilikuwa wazi. Tarehe 5 Juni ilichaguliwa kwa dunia nzima baada ya mkutano wa Stockholm wa 1972. Kwetu ndipo mvua zinakuwa zimekwisha, na Julai sote tunaondoka. Hakuna aliyeuliza nani atamwagilia. Nami sikuuliza.

Nikampigia bibi, nikamwambia nataka kuchimba ngolo wiki hiyohiyo. Akacheka. "Utafukia nini, mjukuu wangu? Ngolo ni nyasi. Subiri ziote."

Nikasubiri hadi Machi. Tulijitokeza 11. Bibi alisema kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake huchimba. Sisi tulichimba wote, na vijana ndio waliotangulia kuomba maji. Siku mbili, mashimo 46, hakuna mgeni rasmi. Aprili ikaja mvua kubwa ya usiku. Safu ya chini ilibomoka kwa sababu tulikuwa tumeweka nyasi chache. Safu za juu zilisimama, na asubuhi kila shimo lilikuwa na maji yake, yametulia. Korongo bado lipo. Ila maharage yametoa maua.

Kwa hiyo narekebisha ripoti yangu hapahapa: miti 200 ilipandwa, 17 iko hai, na aliyeandika asilimia 100 ni mimi.

Juni 5 inakaribia tena. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi: siku hiyo tukusanyike, lakini tuhesabu tulichopanda. Kupanda tusubiri Desemba, mvua zikiwa zimeshika, na sehemu ya fedha za fulana alipwe mtu wa kumwagilia tukiwa likizo. Na ripoti iandikwe Oktoba.