Mbwa Wangu Mzee na Daftari Langu

Je, unaye mbwa nyumbani? Je, unajua alichanjwa lini? Mimi niliulizwa swali hilo hospitali, nikashindwa kujibu. Nataka kukueleza habari hiyo.

Mimi ni mkulima na mfugaji wa mbuzi katika Mkoa wa Singida. Nilizaliwa mwaka 1953. Mwaka 1973 nilijiandikisha katika darasa la kisomo. Tulisoma jioni, chini ya mti, baada ya kazi za shamba. Mwalimu wetu alituambia, "Anayejua kuandika asitegemee kichwa peke yake." Tangu wakati huo ninalo daftari. Huandika siku ya kupanda, siku mbuzi anapozaa, na fedha ninazodaiwa.

Mbwa wangu anaitwa Tutafika. Amelinda zizi langu kwa miaka 12. Fisi wanamjua. Lakini sasa amezeeka. Mdomo wake umeota mvi. Macho yake yana ukungu. Asubuhi huinuka kwa shida, kwanza miguu ya mbele, kisha ya nyuma. Mara nyingine husimama katikati ya uwanja, kama aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Nami nilianza kuwa hivyo. Nilimlipa fundi baiskeli mara mbili kwa kazi moja. Watoto waliniuliza jambo hili, nikajibu jambo lile. Wakaanza kupanga mambo ya nyumba bila kunishauri. Nikaona uchungu, nikaacha kuandika. Nikawa nakaa kivulini tangu asubuhi mpaka jioni.

Siku moja mjukuu wangu wa miaka 6 alimrukia Tutafika akiwa amelala. Mbwa alishtuka, akamwuma mkononi. Damu ikatoka. Mwanangu alishika rungu.

"Baba, mbwa huyu amekwisha. Leo namwua."

"Ngoja," nilisema. "Kwanza mtoto."

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Nawe fanya hivyo mtu akiumwa na mbwa, hata kama jeraha ni dogo. Usipake majivu wala mafuta. Kisha mpeleke hospitali siku ile ile. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa hauna mchezo. Dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini akioshwa vizuri na kupata chanjo mapema, huokoka.

Hospitali muuguzi aliniuliza, "Mzee, mbwa huyu alichanjwa lini?"

Nilifikiri sana. Sikukumbuka. Mwanangu alitazama chini, nami nikaona aibu. Ndipo nikakumbuka daftari. Mwanangu alipanda pikipiki, akaenda kulileta. Tulifunua kurasa mpaka tukaona mwandiko wangu mwenyewe: "Leo Tutafika amechanjwa kichaa cha mbwa. Achanjwe tena mwaka ujao." Tarehe ilikuwepo. Ilikuwa imepita miezi 5 tu.

Hata hivyo mtoto alianzishiwa sindano, kwa ajili ya usalama. Tuliambiwa tusimwue mbwa, bali tumfunge na kumwangalia kwa siku 10. Mbwa anayeambukiza kichaa wakati anapouma, huonyesha ugonjwa au kufa ndani ya siku hizo. Siku 10 zilipita. Tutafika alikula na kunywa vizuri. Mtoto naye ni mzima.

Baadaye bwana mifugo alikuja. Alisimama nyuma ya mbwa, akapiga makofi. Tutafika hakugeuka.

"Mzee, mbwa huyu hakuwa mkali," alisema. "Hasikii. Alishtuka tu."

Usiku ule sikulala upesi. Nilijiuliza, je, na mimi? Kesho yake nilikwenda kupimwa. Masikio yangu yalikuwa yamezibwa na nta. Yaliposafishwa, nilisikia hata kuku wakichakura nje. Kumbe maswali mengi ya watoto nilikuwa siyasikii vizuri!

Ndugu msomaji, usidhani kila mzee anayejibu vibaya amepotewa na akili. Mwaka 2024 wataalamu wa nchi mbalimbali walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupoteza akili uzeeni. Baadhi yake ni kutosikia vizuri, shinikizo kubwa la damu, kuvuta sigara, kutokujishughulisha, na kukaa bila wenzako. Mengi ya hayo tunaweza kuyapunguza.

Sasa Tutafika na mimi tuna utaratibu wetu. Asubuhi tunatembea polepole mpaka kisimani na kurudi. Kisha namfichia tonge la ugali chini ya kibuyu kilichokatwa, au katika majani. Hunusa mpaka alione. Pua yake bado ni nzima, na kazi hiyo huichangamsha akili yake. Chakula chake ni laini, kwa sababu meno yamelika. Simpi mifupa iliyopikwa, maana huvunjika vipande vikali. Simpi vidonge vya maumivu vya watu, maana baadhi huwaua mbwa. Hulala juu ya gunia, mahali pakavu. Watoto wote wanajua kwamba asiguswe akilala. Wanapiga mguu chini kwanza, naye husikia mtikisiko.

Nami sikai tena kivulini peke yangu. Jioni nacheza bao na wazee wenzangu. Kuhesabu kete 64 si kazi ya mtu aliyelala. Mjukuu wangu hunisomea gazeti, kisha mimi humsomea yeye. Kila usiku naandika mistari mitatu katika daftari. Mwanangu sasa hunijia na kuuliza, "Baba, daftari linasemaje?"

Najua iko siku Tutafika hatainuka. Siku hiyo nitaiandika pia. Lakini alinilinda alipokuwa na nguvu, na mimi sitamtupa alipochoka.

Wewe unayesoma, chukua kalamu leo. Andika jina la mbwa wako na siku aliyochanjwa. Kama hakuchanjwa, mwone bwana mifugo. Kisha kesho andika jambo jingine.