Mombasa, Ambako Uteo Ni Ungo na Leso Ni Kanga

Wengi wanaozuru Mombasa huishia Fort Jesus na ufuoni, kisha wakarudi makwao wakidai kwamba wameuona mji. Wewe usiwe miongoni mwao. Ukitoka Ngomeni, ingia Mji wa Kale na uinue macho usome jina la barabara: Ndia Kuu. Usidhani aliyeandika kibao hicho alikosea. Hapa njia ni ndia, njaa ni ndaa, na mchele ni mtele. Hicho ndicho Kimvita, lahaja ya wenyeji wa kisiwa hiki.

Ukipita vichochoro vya Kibokoni, mama mmoja akakwambia, "Ndoo mwanangu, kaa kitako," usihangaike kutafuta ndoo ya maji. Amekuita uje. Nako jikoni kuna mengine. Mgeni wa bara akisikia "Lete mbuzi," moyo humruka kwa furaha akidhani kuna karamu, kumbe chatakiwa kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, cha kukunia nazi! Chombo cha kupepetea, ambacho wengi wetu twakijua kwa jina la ungo, huitwa uteo. Mkate wa mchele na nazi, ambao Waunguja huuita wa kumimina, hapa ni mkate wa sinia. Na maji ya mfereji wa Mombasa, ukifika Dar es Salaam, yatakuwa maji ya bomba.

Sasa toka uende Barabara ya Biashara, kwenye maduka ya nguo. Hapo ndipo lilipo jina la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Mali ya Abdulla, biashara iliyoanza mwaka wa 1887. Omba leso, utapewa jozi yenye jina lake. Lakini ukiomba leso Dar es Salaam, huenda ukapewa kitambaa cha kufutia jasho, kwani huko vazi hilo ni kanga. Nani amekosea? Hakuna. Neno leso lilitoka kwa Wareno, walioanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593 na kuipoteza kwa Waomani mwaka wa 1698. Kwao lilikuwa na maana ya kitambaa. Dar imeshika kitambaa kidogo, Mombasa ikashika kikubwa. Meza na pipa pia walituachia wao.

Ajabu, msomaji, ni kwamba mkutano wa mwaka wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa. Kimvita, lugha aliyoitungia Muyaka bin Haji mashairi yake, kikawa kama mwenye nyumba aliyeambiwa akalale uani.

Matokeo yake yangalipo. Mtoto wa Kuze akiandika "mtele" katika insha, kalamu nyekundu humsubiri. Baada ya muda huanza kuona haya, na nyanya yake akimtuma uteo, humuuliza, "Ni nini hicho?" Hapo hakupotea neno moja tu. Yamepotea na mazungumzo kati ya mjukuu na nyanya, na mapishi na visa vilivyokuwa vikipita katika mazungumzo hayo.

Hatusemi Kiswahili sanifu kitupwe. Bila hicho, mtu wa Mombasa na wa Kigoma wasingesomeana magazeti. Twasema tu kwamba mtoto ana nafasi ya kutosha kichwani kuweka mchele wa mtihani na mtele wa nyumbani. Mzazi, mfunze yote mawili, na umweleze lipi ni la wapi.

Nawe msafiri, ukifika Mji wa Kale, kabla ya kuuliza bei ya kitu uliza kwanza jina lake. Wenyeji watakueleza kwa furaha, na jibu hilo halilipiwi. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.