Umbeya wa John Aubrey

Msomaji afunguaye Brief Lives ya John Aubrey kwa nia ya kusoma kurasa mbili tu kabla ya kulala, aghalabu hupitiwa na usiku. Si kitabu cha elimu nzito. Ni kapu la maneno yaliyookotwa mezani na safarini. Aubrey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1626, alifilisika akawa hana nyumba. Akala na kulala kwa rafiki zake, na kila alipokaribishwa aliuliza habari za watu mashuhuri.

Humo yumo Thomas Hobbes, mwanafalsafa aliyechukiwa na mapadre wengi wa zama zake. Usiku, milango ikiisha kufungwa na yeye akiamini kuwa hapana amsikiaye, aliimba kitandani kwa sauti kuu. Sauti yake haikuwa nzuri. Aliimba kwa kuwa aliona kuimba kunafaa mapafu na kuzidisha umri. Hobbes aliishi miaka 91, basi mwenye kutaka kumcheka na afikiri kwanza.

Yumo pia Francis Bacon, ambaye alisimamisha gari lake la farasi karibu na Highgate, akanunua kuku kwa mwanamke maskini, akamshindilia theluji tumboni ili ajue kama baridi huzuia nyama isioze. Bacon akapatwa na baridi hiyo, akafa baada ya siku chache. Ni hadithi tamu mno, na utamu wake ndio unaotia shaka. Bacon alipokufa, Aprili 1626, Aubrey alikuwa mtoto mchanga wa majuma machache; kisa alikipata kwa Hobbes.

Kwa hiyo wanachuoni hukidharau kitabu hiki, na dharau yao ina haki nusu. Aubrey aliandika kuwa baba yake Shakespeare alikuwa mchinja nyama, na kuwa kijana huyo alipochinja ndama alitoa kwanza hotuba. Hati za mji wa Stratford zaonyesha kuwa mzee yule alikuwa mshonaji wa glavu. Walakini Aubrey huyo huyo alimwendea mwigizaji mzee, William Beeston, ambaye baba yake aliigiza pamoja na Shakespeare, akaambiwa kuwa Shakespeare ujanani alipata kuwa mwalimu wa shule huko mashambani. Beeston alikufa mwaka 1682. Asingeulizwa, neno hilo lingezikwa naye, na wataalamu wanaolibishania hata leo wasingekuwa na la kubishania.

Umbeya huo haukuwa mchezo mtupu. Aubrey alimpelekea habari zake Anthony Wood, aliyekuwa akiandika maisha ya waandishi wa Oxford. Wood alichapa maneno aliyopewa juu ya marehemu Earl wa Clarendon. Mwana wa marehemu akashtaki, na mwaka 1693 Wood akatozwa faini, akafukuzwa chuoni. Wood naye alikuwa amekata kurasa nyingi za miswada ya rafiki yake, na Aubrey alipozikosa alihuzunika sana.

Aubrey alikufa mwaka 1697 bila kukichapa kitabu. Miswada imo katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Kila aliposahau tarehe au jina, aliacha nafasi tupu, akikusudia kwenda kumwuliza mtu fulani. Na nyingi katika nafasi hizo zingali tupu.